Uzoefu wangu na mashine ya rola tatu ya kukunjia pete za magurudumu ya magari ya farasi

Naandika haya kwa wahunzi na mafundi wa kuchomelea wanaofikiria kununua mashine ya rola. Nafanya kazi Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, katika karakana inayotengeneza na kukarabati magari ya kukokotwa na farasi. Wateja wetu wakubwa ni Waamish, Wakristo ambao hawamiliki magari ya injini. Kwao gari la farasi si pambo la harusi wala la kuzungushia watalii. Ndilo la kwendea ibadani, sokoni na msibani, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Gurudumu likilegea njiani, familia nzima imekwama kando ya barabara yenye malori. Ndiyo maana kazi ya pete, yaani ukanda wa chuma unaovishwa kuzunguka ringi ya mbao ya gurudumu, naichukulia kwa uzito mkubwa, na mashine inayozikunja naitazama kwa jicho hilo hilo.

Uhunzi nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Kule chuma bapa tulikuwa tukikikunja kwa kukichapa kidogo kidogo juu ya kipande cha reli, au kwa kukivuta kuzunguka umbo lililochomelewa mezani. Hapa nikapewa mashine ya rola tatu ya kuzungusha kwa mkono, iliyonunuliwa mpya, na nimeitumia vya kutosha kujua uzuri wake na matatizo yake. Niseme mapema kwamba ni mashine nzuri na ningeinunua tena. Ila wanunuzi wengi huitathmini kwa kitu kisichostahili. Husoma kibandiko kinachotaja unene wa chuma inachoweza kukunja, wakati kinachoamua pete itoke vipi ni umbali kati ya rola mbili za chini, na kama rola zote tatu zimelala sambamba.

Kwa asiyeijua, kuna rola mbili chini na moja juu katikati yake. Chuma kinapita juu ya zile za chini, ya juu inakibonyeza kwa skrubu, wewe unazungusha hendeli. Unapitisha mara ya kwanza kwa kubonyeza kidogo, unakaza skrubu, unarudisha, unakaza tena, mpaka duara lipatikane. Chuma hukunjwa kikiwa baridi, bila moto wowote.

Umbali wa rola za chini una maana gani? Chukua mashine yenye sentimita 20 kutoka katikati ya rola moja ya chini hadi katikati ya nyingine. Kila ncha ya chuma chako, takriban sentimita 10 za mwisho, itabaki imenyooka, kwa kuwa mara tu ncha inapoachia rola ya chini hakuna tena kinachoishika ili ile ya juu iikunje. Ukikutanisha ncha mbili za namna hiyo, pete inakuwa na kama paa la nyumba mahali pa kuungia. Pete ya aina hiyo haikai kwenye mbao. Inaacha uwazi, na uwazi huo ndipo maji yanapoingia na mbao kuanza kuoza. Mashine yetu ina rola za chini zilizokaribiana zaidi, kwa hiyo sehemu iliyonyooka ni fupi. Hata hivyo tunazikunja ncha zote mbili kwanza kwa nyundo kwenye pembe ya fuawe (chuma cha kufulia), halafu ndipo chuma kinaingia kwenye rola. Wengine hukata chuma kirefu na kutupa ncha, njia ambayo siipendi kwa sababu ni kutupa pesa kila siku.

Kuhusu usambamba, hapa ndipo mashine ilipotusumbua. Ilipofika, kila pete ilikuwa inatoka imepinda upande, ncha moja ikikaa kando ya nyingine badala ya kutazamana. Tulipima kwa kuweka waya wenye kipenyo kinacholingana pande zote mbili kati ya rola ya juu na ya chini, tukakuta upande mmoja uko juu kidogo. Dawa ilikuwa kipande cha bati jembamba chini ya kishikio cha rola upande ule. Ni kazi ya nusu saa, lakini mtengenezaji alipaswa kuifanya kiwandani, na kitabu chake cha maelekezo hakikuigusa kabisa. Kwa hiyo ukinunua, usikunje hata kipande kimoja cha kazi ya mteja kabla hujapima hivyo. Pete iliyopinda upande hainyooki vizuri kwa nyundo; unainyoosha hapa, inapinda pale.

Sasa niingie kwenye vipimo, maana ndipo mashine hii inapojilipa. Tuseme gurudumu la nyuma la gari dogo, ringi yake ya mbao ina kipenyo cha inchi 44, yaani milimita 1118 hivi, na chuma kina upana wa inchi 1 na unene wa robo inchi. Urefu wa kukata hautokani na kipenyo cha mbao peke yake. Chuma kikikunjwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa. Mstari wa katikati ya unene ndio unaobaki na urefu wake. Kwa hiyo unaongeza unene wa chuma mara moja kwenye kipenyo, kisha unazidisha kwa 3.14. Unapata milimita 3,530 hivi. Bila kuongeza unene ungepata pungufu ya milimita 20, na hiyo ni pete ambayo hata ukiichemsha vipi haitavaa.

Kwa nini haitavaa? Chuma hutanuka kiasi cha milimita 12 kwa kila kilomita moja kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Pete yetu ya mita tatu na nusu ikipashwa joto nyuzi 400 zaidi ya la kawaida huongezeka milimita 17 hivi kwenye mzunguko, ambazo ni zaidi kidogo ya 5 kwenye kipenyo. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo ya kuivalisha. Ndani ya nafasi hiyo unatakiwa pia uwe umeipunguza pete kwa makusudi, milimita chache kwa gurudumu jepesi na zaidi kwa la gari la mizigo, ili ikipoa ibane.

Tunahakikisha kwa kigurudumu cha chuma chenye mpini. Unakitia alama ya chaki, unakitembeza kuzunguka ringi ya mbao kwa nje huku ukihesabu mizunguko, halafu unakitembeza ndani ya pete. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo itakayobana. Kabla ya mashine, pete iliyofuliwa kwa mkono ilikuwa na mabonde na vilima vidogo, kigurudumu kikawa kinaruka na hesabu haiaminiki. Pete inayotoka kwenye rola ina mviringo ulio sawa kote, na kigurudumu kinapita kimya. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko ya kuokoa muda, ingawa muda nao unaokoka kweli.

Gurudumu la gari la farasi halikukaa bapa. Limebonyea katikati kama sahani, na spoku zimeegemea upande mmoja kidogo. Pete ikipoa inazivuta spoku zote kuelekea kwenye kitovu na kuzidisha ule ubonyeo. Ikiwa legevu, spoku zinacheza kiangazi kikifika na mbao kukauka. Ikibana kupita kiasi, ubonyeo unazidi na gurudumu limeharibika. Ringi za Kimarekani za magari mepesi ni nusu mbili za mti wa hikori zilizokunjwa kwa mvuke, nyembamba na nyepesi, haziwezi kustahimili pete iliyokisiwa kwa macho. Siku ya kuvalisha tunaipasha pete mpaka kijiti kikavu kikiigusa kitoe moshi na kuungua, bila kuifikisha kwenye wekundu. Watu wawili kwa koleo, inashuka juu ya ringi, nyundo ndogo inaipeleka mahali pake, halafu maji. Mvuke unapanda na unasikia maungio ya spoku yakilia kri, kri, moja baada ya jingine, yanapobanwa. Mzee mwenye karakana husubiri mlio huo ukome, kisha hugonga kila spoku kwa mpini wa nyundo. Spoku iliyokaza hutoa sauti ya juu, iliyolegea hutoa sauti nzito.

Turudi kwenye mashine. Hendeli yake ni fupi mno. Kwa chuma cha robo inchi na upana wa inchi 1 unaizungusha bila shida, lakini ukiweka chuma kizito zaidi utaliona jasho. Tumechomelea nyingine ndefu, na tatizo limekwisha. Gia zake ziko wazi, na vumbi la grenda linazishambulia. Hili linaniudhi kwa sababu hapa hapa Lancaster kulikuwa na kampuni ya Champion Blower & Forge, na feni ya tanuru letu ni ya kwao, ya kuzungusha kwa mkono. Gia zake zimefungiwa ndani ya kasha lenye mafuta na mpaka leo zinazunguka kwa kidole. Mtengenezaji wa leo angeweza kuweka walau bati la kufunika. Bushi za rola nazo hazikuwa na tundu la kutilia grisi, tumezitoboa wenyewe.

Watu huniuliza kwa nini tusinunue ya mota. Waamish wa hapa hawaungi karakana zao kwenye umeme wa gridi. Nyingi huendeshwa na injini ya dizeli inayosukuma hewa au mafuta ya haidroliki, na mashine za mota hubadilishwa zifuate mfumo huo. Tunayo mashine kubwa ya namna hiyo kwa ajili ya magurudumu ya magari ya mizigo. Kwa pete nyepesi bado nachagua ya mkono. Chuma bapa hakina ugumu ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa kile cha bei rahisi, na mkono unaihisi sehemu ngumu kabla jicho halijaona kitu. Unapunguza mwendo, unaipitisha tena sehemu ile peke yake. Mota inapita tu, na unagundua tatizo pete ikiwa imeshafungwa.

Nje ya pete, tunaitumia kukunja matao ya kushikilia paa, vishikio vya madigadi na fremu za taa. Hapo inafanya vizuri sana, mradi chuma kiwe laini cha kawaida. Springi za gari usizipeleke huko. Chuma cha springi kinarudi nyuma kila unapokikunja na kinakula rola. Hicho ni cha moto na fuawe. Pete ndogo za kitovu nazo hazifai, kwa kuwa duara lake ni dogo mno kwa rola ya juu, hivyo tunazifua kwa mkono kama zamani.

Kwa mafundi wa nyumbani najua mikokoteni yetu ya punda huvaa ekseli na matairi ya magari, kwa hiyo pete za chuma si soko. Mashine hii ingewafaa kwa mageti ya duara, nakshi za madirisha, mikanda ya matangi na fremu za viti, kazi ambazo Gerezani na Kamukunji ya Nairobi zinafanywa kila siku kwa umbo la mezani. Ukiwa na oda ya duara la ukubwa mmoja, umbo la mezani linatosha na ni rahisi. Wateja wakileta vipimo tofauti tofauti, rola inashinda.

Bei ya mpya ndogo ya mkono huku ni mamia ya dola, na kubwa za mota ni maelfu. Kwenye minada ya mashambani huuzwa pia za zamani za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Hizo nazipenda, ila kagua fremu yake kwa tochi kabla ya kutaja bei, hasa pembeni mwa matundu ya bolti na chini ya skrubu ya juu, kwa sababu chuma cha kusubu kikishapata ufa ni kazi ngumu kukichomelea kikashika. Zungusha hendeli bila chuma ndani usikilize gia. Vuta rola ya juu kwa mikono miwili uone kama inacheza. Ukiwa na kipande cha chuma bapa cha mita moja, mwombe muuzaji akipitishe mbele yako, kisha kilaze sakafuni palipo sawa: kikigusa sakafu kote, rola ziko sambamba, na hapo mnaweza kuanza kuzungumza bei.