Leso imeishinda tisheti: nguo za kampeni dhidi ya ukatili wa nyumbani, Kisumu

Katika zile siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake, 25 Novemba hadi 10 Desemba, meza ya mbele ya duka hili la Barabara ya Oginga Odinga hujaa rangi ya machungwa. Kampuni ya mavazi inauza tisheti kwa shilingi 1,200 na leso, doti nzima (vipande viwili vilivyoungana), kwa shilingi 900, na sehemu ya pesa imeahidiwa nyumba ya hifadhi ya akina mama. Kampuni za mitindo zimekuwa na kampeni za aina hii tangu zamani. Liz Claiborne ya Marekani ilianza yake mwaka 1991. La kupima ni kama nguo hizi zinaweza kuingia katika nyumba yenye ngumi bila kumwongezea mvaaji ngumi nyingine.

Kitambaa cha tisheti ni kizuri: pamba tupu, gramu 180 kwa mita mraba, na shingo imetiwa utepe kwa ndani kutoka bega hadi bega, kwa hiyo haitalegea upesi. Udhaifu uko kwenye chapa. Wino huu mzito unaokaa juu ya kitambaa unahitaji joto la nyuzi kama 160 mpaka chini kabisa. Ukitolewa mapema, juu huonekana umekauka na chini bado ni mbichi. Kabla ya kulipa, shika maandishi kwa vidole gumba viwili uyavute. Yakipasuka, chukua nyingine, maana mezani kuna nzima na mbovu zimechanganywa. Kisha sugua upindo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, tisheti ifuliwe peke yake mara mbili tatu za kwanza, imegeuzwa ndani nje, na Jik isiikaribie.

Kosa kubwa zaidi ni namba 1195 iliyochapwa mgongoni, kubwa kama kiganja. Ndiyo laini ya kitaifa ya kuomba msaada, na haitozi hela. Mgongoni mwa mwanafunzi anayeandamana kutoka Kondele hadi mjini, namba hiyo inafanya kazi yake. Kwa mke anayehesabiwa hata vocha ya simu, kuianika nguo hiyo kwenye kamba ni kujiitia maswali.

Leso imefikiriwa na mtu anayejua nyumba zilivyo. Mji, yaani sehemu ya katikati, una maua ya kawaida, pindo ni pana, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, linasema “Heshima ni vazi la nyumba”. Hakuna mume atakayeuliza leso hiyo imetoka wapi. Namba 1195 na 116, ile ya kusaidia watoto, zimo kwenye lebo ndogo pembeni, katikati ya maelezo ya kufua na kupiga pasi. Lebo yenyewe imefumwa, haikuchapwa, kwa hiyo sabuni haitaifuta. Hilo ndilo jambo bora katika kampeni nzima.

Ila doti huuzwa ikiwa haijakatwa, na lebo ni moja tu. Ukikata, kipande kimoja kina namba na kingine hakina, na wengi wetu huku hugawana doti na dada au mama mkwe. Fundi naye akikunja upindo mpana anaifunika lebo kabisa. Mwonyeshe kabla hajaanza, akunje mwembamba upande huo. Kampuni ingeweka lebo mbili, gharama ni ndogo sana.

Ndani ya chumba cha kujaribia nguo wamebandika karatasi yenye vipande vya namba vya kuchana. Hapo mume haingii. Vipande hivyo vibaki mwaka mzima, maana 10 Desemba inapita na mateso hayapiti.

Kadi inayowekwa kwenye mfuko inahitaji kuandikwa upya. Inasema aliyedhulumiwa aende kwanza polisi kuchukua P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Kwa aliyebakwa, hospitali ndiyo ya kwanza: dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa, hujazwa hukohuko hospitalini, na ripoti ya polisi inaweza kufuata. Asioge, asifue nguo alizokuwa amevaa. Azitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu, nguo zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Na duka hili linafungia bidhaa zake kwenye mfuko wa karatasi ya khaki! Mstari mmoja tu kwenye kadi ungetosha kumweleza mteja kazi nyingine ya mfuko huo.

Bango la dirishani linaonyesha jicho lililovimba, basi. Sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja pia kunyimwa pesa, kufungiwa nyumba, kuingiliwa na wakwe, mjane kurithiwa kwa nguvu na kutakaswa (kulazimishwa kulala na mwanamume kama tambiko baada ya kufiwa), na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi kwa mambo hayo. Katika mji wa ziwani, mjane anayelazimishwa kurithiwa apite dirisha hilo ajione na yeye yumo.

Kuhusu pesa, bango linaahidi “asilimia 10 ya faida”. Piga hesabu: toa VAT ya asilimia 16 kwenye 1,200, inabaki 1,034. Kitambaa, ushonaji, chapa na kodi ya duka vikila 850, faida ni 184, na hifadhi inapata shilingi 18. Ahadi ya shilingi 100 kwa kila nguo, iliyoandikwa kwenye risiti, ingemwezesha mnunuzi kuifuatilia. Kwa sasa risiti haitaji mchango wowote.

Anayemnunulia mtu anayemshuku kuwa na shida nyumbani achukue leso, si tisheti. Aondoe kadi, akate doti, ampe kipande chenye lebo, na amwonyeshe pembe ile wakiwa wawili tu.