Shoki za buti nilibadilisha mara mbili, kumbe kilichochoka ni bati: uzoefu wangu na nati za ribiti kwenye Peugeot 505

Gari lenyewe ni Peugeot 505 stesheni ya mwaka 1986, ile ndefu ya viti safu tatu. Marehemu baba aliliacha likiwa linatembea, nami nimeapa halitaoza mikononi mwangu. Tunaoishi Mombasa tunajua kuoza ni nini. Upepo wa bahari unaingia kila upenyo wa bodi, kutu inaanzia ndani usipopaona, na siku rangi inapovimba kama lengelenge, bati lilishakwisha zamani.

Waliosafiri miaka ile wanazijua hizi gari. Teksi za masafa zilikuwa Peugeot, 404, kisha 504, kisha 505, na mizigo yote ilipitia mlango wa nyuma. Mlango huo ndio nataka kuuzungumzia.

Ni mlango mzito, wa chuma, wenye kioo kipana, unaofunguka kwenda juu na kushikiliwa na shoki mbili za gesi, moja kila upande. Kila shoki ina vikombe viwili kwenye ncha zake, na kila kikombe kinakaa juu ya goroli iliyofungwa kwa bolti. Goroli moja iko mlangoni, nyingine iko kwenye nguzo ya nyuma ya bodi. Langu lilikuwa halisimami tena, kwa hiyo tukawa tunatembea na mti wa fagio ndani ya gari wa kulitegemezea. Jumamosi moja pale soko la Kongowea tunapakia nazi, mti ukateleza. Mlango ukamshukia mama begani. Alivimba wiki nzima. Hakulalamika, aliniambia tu, "Mwanangu, hili buti lishughulikie kabla halijamshukia mtoto."

Nilifanya kama wengi wetu tunavyofanya: nikanunua shoki. Za kwanza zilikuwa za mtumba, zikafa baada ya miezi miwili. Za pili nilizichukua mpya kwenye duka la spea, na muuzaji akanihakikishia: "Chukua hizi kaka, hizi ni ngumu, hurudi hapa tena." Zilikuwa ngumu kweli. Mlango ulirukia juu wenyewe kama umesukumwa, na kuufunga ilibidi niulalie. Wiki ya sita nikasikia mlio, kach, kama fundo la kidole. Goroli ya kushoto kwenye nguzo ilikuwa imeinama. Nikapanguza vumbi kwa kidole cha gumba nikaona ufa mwembamba umezunguka bolti nusu duara, mfano wa mwezi mwandamo, na ndani ya ufa kutu mbichi ya rangi ya chungwa. Upande wa kulia haukuwa na ufa, lakini nilipoitikisa goroli kwa koleo ilicheza, kwa sababu nati iliyochomelewa nyuma ya bati tangu kiwandani ilishaachia.

Shoki zile mpya zilikuwa zimeandikwa 650N ubavuni. Hiyo N ni nyutoni, na kila nyutoni 10 ni karibu uzito wa kilo moja. Kwa hiyo pale penye bati jembamba lisilofika hata milimita moja, kilo 65 zilikuwa zinasukuma usiku na mchana, maana shoki haipumziki mlango ukifungwa. Ndipo inapobanwa zaidi. Tena goroli haikai sawa na bati, imetokeza nje, kwa hiyo inalipinda bati kila mlango unapofunguliwa na kufungwa. Bati likipindwa mara elfu kadhaa linakatika, kama waya unavyokatika ukiukunja huku na huku.

Kuchomelea nilikukataa mapema. Nguzo ile imegusana na kitambaa cha dari na sponji yake, na cheche moja tu ndani ya gari la baba singejisamehe. Halafu shoki ikiwa karibu na moto ni bomu, imejaa naitrojeni iliyoshindiliwa. Hata ikiwa imekufa usiitoboe wala usiitupe kwenye jaa linalochomwa.

Nikaamua kununua seti ya nati za ribiti, na hapa ndipo kiini cha maoni yangu kilipo. Kwa asiyezijua: ni kikopo kidogo chenye nyuzi za bolti ndani. Unatoboa tundu kwenye bati, unakichomeka, kisha koleo lake linakivuta mpaka tumbo lake linavimba upande wa nyuma na kulibana bati. Unapata nati imara mahali ambapo mkono hauingii. Seti yangu ilikuwa na koleo la mikono mifupi, nati za M4 mpaka M8 (yaani za bolti zenye unene wa milimita 4 mpaka 8), nyingine za alumini na nyingine za chuma, ndani ya sanduku la plastiki. Nililipa shilingi 2,800.

Kwa M5 na M6 sina la kulalamikia. Siku hiyohiyo nilirudisha ubao wa namba na bampa ya plastiki iliyokuwa inaning'inia, na mpaka leo havijalegea. Lakini goroli zangu ni za M8, bolti ile tunayoifunga kwa spana 13, na nati ya M8 ya chuma haivutiki kwa koleo fupi. Nilikaza mpaka viganja vikauma. Kwenye nati ya tatu ya majaribio, kwenye kipande cha bati pembeni, ule msumari wenye nyuzi unaoivuta nati ukaliwa meno. Mwenye nia ya kufanya kazi ya M8 anunue lile koleo la mikono mirefu miwili, linalofanana na mkasi wa kukatia vyuma, au asinunue kabisa.

Nilichozivutia nati hizo mwishowe ni bolti ngumu iliyoandikwa 10.9 kichwani, nati moja ya kawaida na washa mbili zilizopakwa grisi. Unapandisha nati na washa kwenye bolti, unaifunga bolti ndani ya nati ya ribiti, unashika kichwa cha bolti kwa spana moja kisitembee, halafu kwa spana nyingine unaikaza ile nati ya kawaida kuelekea kwenye bati. Bolti inavutwa, tumbo linavimba, na mkono unasikia kabisa pale linapobana. Usizidishe hapo. Tundu nililitoboa kwa keke ya milimita 11, maana ndivyo nati zangu zilivyotaka. Nilipanda kutoka 4 kwenda 6, 8, kisha 11, kwa sababu keke kubwa moja kwa moja inalichana bati na tundu linakuwa la pembe tatu. Kingo nikazisugua kwa msasa na kupaka rangi ya zinki kabla ya kuchomeka chochote. Hapo watu wa Pwani tusifanye haraka, bati likitobolewa bila kupakwa rangi hapa kwetu halimalizi masika.

Upande wa kulia nikafunga hivyo. Upande wa kushoto, wenye ufa, nati ya ribiti isingekuwa na kitu kizima cha kubana. Nikaenda kwa fundi wa jua kali anikatie chuma bapa cha milimita 3, upana 40, urefu 80, achomelee nati ya M8 katikati kwa nyuma, na atoboe tundu dogo la M5 kila pembeni. Alitaka shilingi 300. Ncha za ule ufa nilizitoboa kwa keke ya milimita 3, maana ufa ukikutana na tundu la mviringo unakosa pa kuendelea.

Kukiingiza kile chuma ndani ya nguzo kulinipotezea asubuhi nzima mpaka nilipokumbuka mshipi wa kuvulia. Nilifungua plastiki ya ndani ya buti, ikabaki upenyo wa kupitisha vidole vinne. Nikapitisha mshipi kwenye tundu la bolti, nikauteremsha mpaka ukatokea kwenye upenyo, nikaupenyeza ndani ya nati ya kile chuma na kuufunga kijiti nyuma yake. Kisha nikauvuta taratibu kutoka nje, kama mvuvi anayemleta samaki bila kutaka akate mshipi. Chuma kikapanda gizani, kikagonga, kikageuka, kikakaa. Nikaangaza tochi kwenye tundu na kuona nyuzi za nati zimelala katikati kabisa. Nilikaa kimya kidogo pale, nikamkumbuka baba na vile alivyokuwa akishika tochi kwa meno.

Bolti mbili za M5 zikakibana kile chuma kisizunguke, na goroli ikaingia kwa mkono mpaka mwisho. Gundi ya chuma ya sehemu mbili niliipaka kwenye uso wa chuma unaogusa bati kabla ya kukivuta, ili ijaze mabonde ya bati. Ile ya kukauka polepole, ya siku nzima, si ile ya dakika tano.

Kabla ya kununua shoki za tatu nilipima, na laiti ningepima mwanzo. Nilishika mlango ukiwa umelala sawa na ardhi, nikauning'iniza ukingoni kwa mizani ya kupimia samaki: kilo 12. Kutoka bawabani mpaka ukingoni ni sentimita 90. Kutoka bawabani mpaka kwenye mstari wa shoki, kwa pembe mraba, ni sentimita 15. Basi uzito mara umbali wake, 12 mara 90, ni 1,080, gawanya kwa umbali wa shoki, 15, unapata 72, na shoki ni mbili, kila moja ibebe 36. Hizo ni nyutoni 360 hivi. Nikachukua za 400N, urefu uleule wa kufungwa na wa kufunguka, na kikombe cha goroli ya milimita 10 baada ya kuipima ya kwangu. Sikuongeza zaidi, kwa sababu namba ya ubavuni hupimwa kwenye nyuzi joto 20, na gari lililoanikwa juani Mombasa likifika 50 ndani, gesi inajiongezea karibu asilimia 10 yenyewe. Anayeishi Limuru kwenye baridi hesabu yake ni nyingine. Shoki zifungwe fimbo yake nyembamba, ile inayoingia na kutoka, ikielekea chini mlango ukiwa umefungwa, mafuta ya ndani yalowanishe sili inayozuia gesi isitoke.

Sasa ni miezi kumi imepita. Upande wa kushoto, wa chuma bapa, umekaa kama ulivyofungwa. Upande wa kulia, wa nati ya ribiti peke yake, ulianza kucheza kwenye mwezi wa tano tangu niufunge. Nilipotaka kuikaza goroli, nati nzima ikazunguka na bolti ndani ya bati, na ikishafika hapo haikazi tena wala haifunguki. Ilibidi nikate kichwa cha goroli kwa grainda ndogo, huku shoki nimezitoa na kitambaa cha dari nimekifunika kwa gunia lililolowana, nikatoboa mabaki na kuweka chuma bapa upande huo pia.

Kwa hiyo seti hii naipa nyota tatu kati ya tano. Ni kifaa kizuri sana kwa taa, bampa, ubao wa namba, reli za juu na kila kitu kinachovutwa moja kwa moja na kwa nguvu ndogo. Kwa kikalio cha shoki, kinachosukumwa ubavu muda wote, usiitegemee. Chuma bapa cha shilingi 300 kimeishinda. Koleo lenyewe lingepata nyota mbili tu, ila nati zake za chuma ni nzuri na nimezimaliza karibu zote.

Vikombe vya shoki visichomolewe kwa nguvu. Kuna kipini cha waya ubavuni, kisukume nje kidogo kwa bisibisi bapa nyembamba, kikombe kinatoka chenyewe, na muwe wawili, mmoja ameshika mlango. Mimi alinishikia mpwa wangu.

Goroli zikaze tena baada ya wiki mbili. Zangu zote nne ziliingia karibu robo mzunguko, hata zile za mlangoni ambazo sikuwa nimezigusa.