"Gia boksi imekufa, sista"

"Sista, wewe unajua kuendesha, mimi najua gari." Hilo ndilo neno la fundi wa gereji lililonikalisha niandike maoni haya. Hela ningesamehe.

Niko Kigamboni, upande ambao upepo wa bahari unakula hadi bawaba za mageti. Nilikwenda Tanga kumuuguza mama, nikadhani wiki mbili, ikawa masika yote. Gari langu, Toyota IST ya oto, niliiosha vizuri, nikaiegesha uani juu ya pevingi, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikafunga geti. Narudi, betri imekufa hata taa ya mlango haiwaki. Hilo nililitegemea. Jirani akaleta waya, tukabusti, injini ikawaka. Nashusha hendibreki, taa yake inazimika. Naweka D, gia ya kwenda mbele. Gari likanguruma kwa kulemewa, likachuchumaa nyuma kama mbuzi anayekataa kuvutwa kamba. Halikusogea hata shubiri. Naweka R, ya kurudi nyuma, vilevile.

Nikawapigia mabwana wa gereji moja inayomfuata mteja nyumbani na mashine ya kupima. Haki yao niwape, walifika saa waliyosema, na kwa mafundi wa mji huu hilo si jambo dogo. Walikuwa wawili: fundi mkubwa mwenye ovaroli safi, na dogo mmoja aliyebeba jeki na boksi la spana. Fundi mkubwa hakulizunguka gari. Hakuinama. Hakugusa tairi hata moja. Alichomeka mashine chini ya usukani, akanionyesha kioo kimejaa namba za makosa, akatoa hukumu: gia boksi imekufa. Ya mtumba kutoka Japani, milioni moja na laki mbili, ufundi mbali. Upimaji elfu hamsini, hiyo nilipe palepale.

Nikamuuliza kwa upole kabisa: niliacha gari linatembea, gia boksi imekufaje ikiwa imelala? Ndipo akanijibu hilo nililoanza nalo. Mbele ya jirani yangu na mtoto wangu. Na akacheka.

Dogo alisema kitu, tena kwa sauti ya chini: "Bro, tusiinue nyuma kwanza?" Akakatwa jicho, akanyamaza. Nilisikia. Sikujua kwamba pale ndipo jibu lilipopita.

Siku mbili nzima nikapiga hesabu za kikoba, nani nimkope, nani ananidai. Siku ya tatu jirani akaniletea mzee mmoja anayetengeneza bajaji karibu na msikiti. Shikamoo, marahaba, kisha swali moja tu: "Mama, ulivuta hendibreki?" Akaweka N, gia huru, akatuambia tusukume. Gari kama limechomelewa ardhini. Akapiga jeki mbele, tairi ikazunguka kwa mkono. Akahamia nyuma, tairi haizunguki, kushoto wala kulia. Haikufika dakika kumi.

Halafu akanieleza, na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa upya. IST hii inavutwa na tairi za mbele. Tairi za nyuma hazina uhusiano wowote na gia boksi! Gia boksi iliyokufa ungepiga resi, injini ingepiga kelele bure na gari lingetulia. Hili lililemewa na kuchuchumaa kwa sababu gia boksi ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote, na nyuma kumeshikwa. Breki za nyuma ni za dramu, yaani bakuli la chuma linalozunguka na tairi, na ndani yake breki shuu hutanuka kulishika. Niliziacha zimelowa maji ya kuoshea, nimezikaza na hendibreki, na chumvi ya bahari ikafanya kazi yake: breki shuu zikaungana na dramu kwa kutu. Taa ya dashibodi ilizimika kwa sababu swichi yake iko kwenye mkono wa hendibreki. Kule kwenye tairi haijui kinachoendelea.

Na zile namba za kutisha? Nyingi ni malalamiko ya betri iliyokufa. Betri ilipochajiwa zikafutwa, mpaka leo hazijarudi.

Kushoto mzee aligonga dramu kwa nyundo kulizunguka, taratibu, mpaka ikalia pwaa! ikaachia. Kulia iligoma. Akatafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu, akaingiza bolti mbili za spana namba 12, akazikaza kwa zamu mpaka dramu ikajisukuma yenyewe nje. Utando wa breki ulikuwa umebanduka na kubaki umeganda ndani. Nikanunua breki shuu mpya, ufundi elfu thelathini.

Nisije nikamfanya malaika. Mzee alipotea kati ya adhuhuri na alasiri gari likiwa juu ya mawe, simu hapokei, na upande wa kulia mpaka leo unalialia nikikaribia kivuko. Na kosa la kwanza ni langu: gari la oto linalokaa muda mrefu liweke P, gia ya kuegesha, weka mawe nyuma ya tairi, hendibreki achana nayo. Marehemu baba alinikanya. Kwa hiyo labda nilipaswa kuwapa wale wa mashine nyota tatu: walifika kwa wakati, na kukosea wanakosea wote.

Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana. Moja.

Sawa, mbili. Ya pili si ya gereji, ni ya yule dogo wa jeki. Dogo, ukisoma hapa na kama bado hawajakufukuza, pita Kigamboni siku ya mapumziko. Ule upande wa kulia bado unalia, na mzee hapokei simu.