Seti ya kutengeneza joka la manyoya: macho ni balaa, waya hapana

Niseme mapema, hii seti naipenda na mtu akiniuliza nitamwambia anunue, ila kuna sehemu moja waliotengeneza wameipita mbio na ndo sehemu muhimu kuliko zote kwenye kazi hii, yaani pale kitambaa kinapokutana na kitu kigumu. Kushona manyoya ni fani, kufinyanga uso ni fani nyingine, lakini joka lenye uso wa udongo na mwili wa manyoya linapona au linakufa kwenye mistari midogo sana: ukingo wa uso, mzizi wa pembe, kucha zinapotokea kwenye vidole, bawa linapoota mgongoni. Mtu akiona gundi hapo basi, kiumbe kimeshaondoka, kimebaki kitambaa na plastiki. Kwa hiyo mi seti za hivi nazipima hapo kwanza, mengine yanafuata.

Ndani ya boksi kuna manyoya bandia ya aina mbili (marefu ya shingo na mgongo, mafupi ya mwili), pateni ya karatasi, udongo wa polima (ule wa kufinyangia unaookwa kwenye oveni), macho mawili ya kioo, waya ya aluminiamu, viungo vya plastiki vya kuzungusha, organza (kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga) ya mabawa, pamba ya polyesta, kichupa cha vanishi, sindano na uzi. Gundi waliyoweka ni zile fimbo za gundi ya moto, zinazoyeyushwa kwa bunduki ya gundi. Mkasi, wembe na oveni unajitegemea.

Naanza na macho kwa sababu ndo yaliyonifanya niichukue hii seti badala ya nyingine na hayajaniangusha hata kidogo. Ni nusu duara za kioo, bapa nyuma na zimebinuka mbele, rangi imepakwa kwa nyuma na mboni ni ule mstari mwembamba wa wima kama wa nyoka. Kwa kuwa unaiangalia rangi ukipitia kioo kilichopinda, jicho linapata kina, ukisogea kushoto au kulia unaona kama linakufuata, kitu ambacho jicho la plastiki lililochapwa juu haliwezi kukupa. Afu faida kubwa zaidi ni kwamba kioo kinavumilia joto la kuokea udongo wa polima, kwa hiyo unaweza kuyapachika macho kwenye udongo mbichi, ukajenga kope juu yake, ukaoka kila kitu pamoja. Macho ya akriliki mengi hapo yanaharibika, yanapinda au yanapata ukungu, inabidi uyaingize baadaye na kope zinakuwa za kubandika, inaonekana.

Na kope ndo zenye tabia ya kiumbe jamani, sio jicho. Ukiacha duara lote la jicho wazi joka linaonekana limeshtuka. Shusha kope ya juu ifunike kidogo sehemu ya juu ya jicho linatulia, inamisha upande wa ndani linakuwa kali, inamisha upande wa nje linakuwa na huzuni. Maelekezo ya seti yana picha moja tu ya hili na haitoshi, ila vifaa vyenyewe vinakuruhusu kucheza mpaka upate sura unayoitaka kabla hujaoka, na udongo huu haukuharakishi kwa sababu haukauki kwa hewa kama ule wa kawaida, ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kilainishi, unabaki laini mpaka uuoke. Cha kuangalia ni pa kuuweka tu ukiwa mbichi, kile kilainishi kinakula baadhi ya plastiki ngumu zile za kung'aa, funga kwenye mfuko wa nailoni au weka juu ya kigae.

Sasa kwenye kuoka nina ugomvi na kile kijitabu cha maelekezo. Kimeandika uoke mpaka uwe mgumu. Hapana! Udongo wa polima ukiwa bado wa moto ndani ya oveni unakuwa unanesanesa hata kama umeiva kabisa, ugumu wake unakuja ukishapoa. Mtu mgeni akifuata hayo maneno ataubonyeza ataona laini, ataurudisha, ataongeza moto, mwisho wake uso unageuka kahawia na moshi unatoka, na moshi wa PVC iliyoungua sio wa kuvuta, una gesi ya asidi inayowasha macho na kifua. Aina nyingi za udongo huu zinaiva kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi, na muda unategemea unene, soma karatasi la udongo wenyewe, wengi huandika kati ya dakika 15 na 30 kwa kila milimita 6. Namba za kwenye kitufe cha oveni usiziamini sana, oveni nyingi zinadanganya kwa nyuzi kadhaa, weka themomita ndogo ndani. Na uso usiufanye bonge zima la udongo, finyanga foili ya aluminiamu iwe umbo la fuvu afu pakia udongo juu yake, unaiva sawasawa, haupasuki ovyo, na kichwa kinakuwa chepesi. Foili seti haina na haijaitaja, wakati ingesaidia sana shingo ambayo nakuja kuisema.

Manyoya yenyewe ni safi. Mgongo wa kitambaa umefumwa kwa kubana, unashika mshono na hauachii nyuzi ukivuta, na vipande vyote vya pateni vina mshale wa kuonyesha manyoya yalalie wapi, kitu ambacho seti nyingi zinasahau afu unajikuta na joka ambalo mguu mmoja manyoya yanaenda juu na mwingine yanaenda chini. Ukate kwa wembe upande wa nyuma, ncha tu, ukate kitambaa bila kugusa manyoya, sio mkasi wa kupita chini juu maana utayanyoa na mshono utaonekana kama mtaro. Ukishashona chukua sindano uyachomoe manyoya yaliyonaswa kwenye mshono, yapige brashi, mshono unapotea kabisa. Na pasi iweke mbali, haya manyoya ni nyuzi za akriliki, joto linayayeyusha na hakuna kurudi. Lalamiko langu hapa ni dogo, pateni haijasema kama nafasi ya mshono imeshahesabiwa au unaongeza mwenyewe. Nimepima vipande vinavyokutana, imeshahesabiwa, kwa hiyo kata kwenye mstari.

Viungo vya miguu ni vile vya sahani mbili na pini katikati, na wazo la mguu unaozunguka ni lilelile la dubu wa kuchezea wa kampuni ya Kijerumani ya Steiff, ambaye Richard Steiff alimbuni mwaka 1902 wakamwita 55 PB: sentimita 55, plashi (kitambaa chenye manyoya), na viungo vinavyozunguka. Zaidi ya miaka mia imepita na kiungo kinachozunguka bado ndo njia bora ya kufanya mguu wa kitambaa ukae unapouweka. Vya kwenye hii seti vinabana vizuri, joka linakaa kitako, linasimama, linanyoosha mguu mbele, sina neno.

Waya sasa. Waya waliyoweka ni nyembamba mno kwa kazi waliyoipa, ni milimita moja na inatakiwa ibebe shingo ndefu yenye kichwa cha udongo na macho ya kioo. Haiwezi. Kichwa kinainama taratibu mpaka kidevu kinagusa kifua, na kila ukikinyanyua unaikunja waya palepale, aluminiamu ni laini na inakubali kupindwa ndo maana tunaipenda, lakini ukiipinda sehemu moja mara nyingi inachoka na kukatika, na ikikatika ndani ya joka lililoshonwa tayari ni kulifumua. Tafuta ya milimita 3 kwa shingo, au chukua mbili za milimita 2 uzisokote pamoja. Hiyo nyembamba usiitupe, inatosha mkia na vidole. Ncha zote zikunje ziwe kitanzi afu uzifunge kwa tepu ya kitambaa, maana ncha iliyoachwa wazi itatoboa manyoya siku moja na itamchoma mtu mkono, na hili kijitabu hakijaligusa kabisa, inasikitisha kwa seti nzuri namna hii.

Turudi kwenye maungio. Kijitabu kinakwambia uso ukishapoa upake gundi ya moto pembeni ubandike manyoya. Gundi ya moto haing'ati udongo ulioiva wenye uso usio na mikwaruzo, inakaa juu juu, ukiupiga kichwa kidogo inabanduka vipande, na hata ikishika inaacha uvimbe unaoinua manyoya kuzunguka uso mzima. Mi ninachofanya na nakushauri ufanye hata kama hununui seti hii: uso ukiwa bado mbichi toboa vishimo kuzunguka ukingo wote kwa kijiti cha meno, milimita tatu hivi kutoka pembeni, umbali wa nusu sentimita kati ya kishimo na kishimo. Ukingo usiwe mwembamba, ukiwa mwembamba unavunjika kwenye vishimo. Ukioka vishimo vinabaki. Hapo unakunja ukingo wa manyoya kwa ndani na unaushona kwenye uso kwa uzi mnene uliopakwa nta, kishimo kwa kishimo, halafu manyoya marefu unayalaza mbele kwa brashi yanafunika mshono wote. Uso unakuwa umeota kwenye mwili. Hakuna gundi inayoonekana kwa sababu hakuna gundi. Na siku ukitaka kubadilisha shingo unafumua uzi, hubomoi kitu.

Pembe nazo zitoboe chini uweke kipande cha waya kinachoingia ndani ya fuvu, gundi ya epoksi kidogo, sehemu za kugusana uzipige msasa kwanza ili epoksi ipate pa kushika. Kucha kila moja ipewe mkia wa waya wenye kitanzi, unashonewa ndani ya kidole kabla hujajaza pamba. Vitu vyote hivi vingeingia kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu na seti ingekuwa ya kwanza kwangu bila ubishi. Kwa ilivyo naipa nyota tatu na nusu, na mbili kati ya hizo ni za macho na manyoya.

Mabawa yana organza nzuri sana, inabadilika kijani na zambarau ukiigeuza kwenye mwanga. Pembeni inachanika nyuzi haraka, ila kwa kuwa ni polyesta unapitisha ukingo karibu na moto wa mshumaa (karibu, sio ndani) unayeyuka na kujifunga, ufanye dirisha likiwa wazi na manyoya yakiwa mbali. Kuyabandika mgongoni kwa gundi kama wanavyosema yanadumu wiki moja tu halafu yanadondoka. Mabawa yote mawili yafanye kwa waya moja yenye umbo la U inayopita ndani ya mwili, ishone kwenye kitambaa kwa ndani kabla ya kujaza pamba, hapo unaweza hata kumshika joka kwa bawa bila wasiwasi.

Vanishi iliyomo ni ya maji na hiyo ndo sahihi, weka kwenye pua, midomo na kope za ndani tu ili paonekane pana unyevu, kwingine acha bila mng'ao. Ikiisha usikimbilie rangi ya kucha isiyo na rangi, ina viyeyushi vinavyolainisha udongo wa polima, inabaki inanata miezi.

Kitu kimoja nataka wabadilishe kwenye boksi haraka, ile picha ya mtoto mdogo amelikumbatia joka. Hiki sio kidoli cha mtoto mdogo. Kina macho ya kioo, kina waya, kina kucha ngumu zinazoweza kung'oka zikaingia mdomoni. Ukitaka la mtoto mshonee la kitambaa kitupu, macho yadarizi kwa uzi, waya usiweke, pateni hiihii itakufaa kwa mwili na miguu, viungo vya plastiki viache ushone miguu moja kwa moja. Manyoya mafupi yanayobaki yanatosha kichwa cha pili ukipanga pateni vizuri, na vile vipande vidogo vya pembeni vitumie kuzoesha mkono wembe kabla hujagusa kipande kikubwa.