Kitanda cha juu kwa chumba cha futi 7: miezi kumi baadaye

Nimekaa na kitanda hiki miezi kumi sasa, kwa hivyo nikisema kimetufaa, si maneno ya wiki ya kwanza. Ni kitanda cha chuma cha juu. Godoro liko juu kama kwenye deka, lakini chini hakuna kitanda cha pili. Pameachwa wazi pa kuweka meza na vitu vya mtoto. Nilikitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa shilingi 17,500, na marekebisho yakaipandisha bei hadi 21,000. Nakipenda sana na ningekiagiza tena kesho. Ila ningemwendea fundi na karatasi yenye vipimo vyote, maana fundi hutengeneza kile ulichomwambia, na yako mambo ambayo mimi sikumwambia.

Chumba chenyewe kina futi 7 kwa futi 8 na nusu, ghorofa ya nne. Zamani kilikuwa na kitanda cha mbao cha futi 3 kwa 6 na kabati, na mlango wake unafunguka kwa ndani. Ukitaka kufungua kabati, ufunge mlango kwanza. Ukitaka kufungua mlango, mtoto apande kitandani. Kazi za shule alizifanyia mezani sebuleni, na wageni wakija alihamia sakafuni.

Mwaka jana muhula wa pili, akiwa Gredi ya 4, walipewa kazi ya kutengeneza mfano wa boma. Alitumia jioni mbili kukata katoni na kubandika paa kwa nyasi alizochuma kando ya barabara. Jioni ya pili akauweka sakafuni gundi ikauke, mahali pa pekee palipokuwa wazi, nyuma ya mlango. Mimi ndiye niliyeufungua ule mlango. Nilisikia mlio mdogo tu wa katoni ikikunjika, na paa likalala upande. Hakulia. Alichutama, akaokota nyasi mojamoja akazikusanya kiganjani, kisha akaniuliza, "Mama, sasa mimi niweke vitu vyangu wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilichukua utepe wa kupimia, na nilichokiona ni kwamba sakafu imejaa pomoni, lakini kutoka juu ya godoro hadi dari kulikuwa na futi 6 na nusu za hewa tupu.

Wikendi iliyofuata nilienda Ngong Road, kwa wale maseremala wanaopanga vitanda kando ya barabara. Vitanda vya mbao vinapendeza macho kuliko vya chuma, sikatai. Lakini niligusa mguu wa kimoja ambacho hakijapakwa vanishi, ubao ukawa wa baridi na una unyevunyevu, na ukucha ukiupitisha unazama. Saiprasi ikitumika kabla haijakauka sawasawa, hunywea ikiwa tayari nyumbani kwako. Viungo vinalegea na kitanda kinaanza kulia kila mtoto akijigeuza. Kwa kitanda cha chini hiyo ni kero tu. Kwa kitanda cha futi 5 kutoka sakafuni, roho yangu haikukubali. Mwenye seremala anayemwamini na mbao zilizokauka, atengenezewe cha mbao.

Fundi wangu alitumia chuma cha mraba cha inchi 1 na nusu, geji 16. Kwa asiyejua, namba ya geji ikipanda chuma kinakuwa chembamba zaidi, na kikishapakwa rangi huwezi kutambua kwa macho. Pita kwa fundi kabla hajaziba miisho ya vyuma, uchungulie ndani uone unene wa ukuta wake. Mimi nilichungulia, na yeye hakuona vibaya.

Kimo tulibishana. Dari letu liko inchi 102 kutoka sakafuni. Fundi alitaka chaga zikae futi 6: "Mama, weka sita, hata wewe utapita chini ukiwa wima." Nikamwomba asubiri. Nilienda nyumbani nikamketisha binti yangu sakafuni, mgongo ukutani, nikampima kutoka sakafu hadi utosini: inchi 28. Kwa futi 6, ukitoa na godoro la inchi 8 nililokuwa nalo, juu zingebaki inchi 22 tu, yaani kila asubuhi akiamka kichwa kingegonga dari. Tukakubaliana futi 5. Chini panabaki karibu futi 4 na inchi 10, na yeye anasimama wima. Mimi naingia nikiwa nimeinama na nikishaketi sina shida. Ukiniuliza, ni afadhali mzazi ainame dakika mbili kuliko mtoto kulala chini ya dari kama yuko ndani ya sanduku.

Nilichosahau kabisa ni ngazi za jengo. Kitanda kilikuja Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni, kizima, kimepakwa rangi nyeupe. Vijana wawili wakakibeba. Ngazi zetu zina upana wa futi 3 na zinakata kona kila nusu ghorofa, na kile kitanda kilikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3 na kimo kinachokaribia futi 6. Ghorofa ya kwanza walipita kwa kukisimamisha. Kona ya kuelekea ya pili ikawashinda. "Geuza! Shusha huko kwako! Inua!" Mguu mmoja uliingia kati ya vyuma vya ngazi, mwingine ukakwaruza ukuta. Wakati huo maji yalikuwa yamekatika, na akina mama wenye mitungi walikuwa wamesimama chini wakingoja njia, mmoja na mtoto mgongoni. Niliwaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Keateka, msimamizi wa jengo, akaja, akatazama, akasema kwa upole, "Mama, hata kikifika juu, mlango wako una futi 2 na nusu. Hakiingii." Kikarudi kwa fundi.

Fundi sikumlaumu, maana hakuwa ameiona nyumba yangu na mimi sikumwambia kuhusu ngazi. Alikikata kwenye pembe zote nne, akachomelea vibati vyenye matundu, kikawa vipande vinne vinavyofungwa kwa bolti: upande wa kichwani, wa miguuni, na vyuma viwili virefu vya ubavuni. Alinitoza 2,500 zaidi na siku nne. Kilipanda ngazi begani, kipande baada ya kipande, na kufungwa kilichukua kama dakika arobaini. Kama nyumba yako ni ya kupanga, agiza cha kufungua tangu mwanzo. Siku ya kuhama utakikumbuka kipengele hicho.

Halafu godoro. Nilikuwa na godoro la inchi 8, zuri, nikaliweka juu. Fundi alikuwa ameweka kizuizi cha pembeni kinachopita chaga kwa inchi 9. Hesabu ni rahisi lakini sikuwa nimeifanya: juu ya godoro ilibaki inchi moja. Nilipanda mwenyewe, nikalala ubavu, nikageuka mara moja, na mkono ulitoka nje hewani bila kugusa chuma. Nikashuka nikitetemeka. Viwango vya usalama vya Marekani kwa vitanda vya deka vinataka kizuizi kipite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi, mwanya kati ya kizuizi na kitanda usifike inchi 3 na nusu kwa sababu kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya kichwa kikanasa, na mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu hata kidogo. Nikanunua godoro gumu la inchi 4 kwa 3,800, na zile inchi 5 zikapatikana. La zamani nilimpa dada yangu wa Kayole. Binti yangu alilala sebuleni siku tatu zaidi tukingoja, na sijutii hata moja.

Kizuizi kiko upande wa ukutani pia. Niliacha nafasi ndogo kati ya kitanda na ukuta kwa sababu ukuta ule ni wa nje na wakati wa mvua ya masika huota kuvu, nikataka hewa ipite. Ukiacha nafasi kama hiyo bila kizuizi, mtoto anaweza kuteleza akabanwa hapo.

Vidato vya ngazi yake vilikuwa vyuma vya mviringo. Siku mbili tu akalalamika kwamba nyayo zinamuuma, na kweli alikuwa anashuka kwa vidole. Fundi akaweka bapa za inchi 3 na kuzivika mpira wa tyubu ya gari, kwa shilingi 1,000. Tuliomba pia ruhusa kwa mwenye nyumba tukatoboa matundu mawili ukutani, tukakifunga kitanda kwa skrubu na plagi. Kabla ya hapo kilikuwa kinayumba kidogo mtoto akipanda, na sasa kimetulia tuli.

Sasa nije chini, mahali ambapo ndipo hasa nililipa pesa. Dawati ni ubao wa plaiwudi wa robo tatu ya inchi, kipande kilichobaki kwa seremala wa jirani, umelala juu ya vyuma viwili vilivyochomelewa kati ya miguu ya kitanda. Upande wa miguuni fundi aliweka bomba la kutundikia nguo, na kabati likaondoka chumbani moja kwa moja. Kwa vitu vya chini nilienda Kamukunji, kwa wale wanaofua masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Huko nyundo zinalia mpaka bei mnaelewana kwa vidole. Niliomba masanduku mawili mapana, yenye kimo cha inchi 10 tu na magurudumu madogo chini. Mzee aliyenihudumia alikipima kimo kwa kiganja, akacheka: "Mama, sanduku fupi hivi, huyu mtoto anaenda shule gani?" Nilipomweleza ni la kukaa chini ya dawati, alikunja pembe zote mara mbili zisimkate mtoto, na hakuongeza hata shilingi. Kila moja lilinigharimu 1,900. Moja lina vitu vya CBC, mtaala wa umilisi wa shuleni: katoni, vifuniko vya chupa, nyuzi, rangi. La pili ni la viatu na mipira.

Chini ni giza, hata saa sita mchana, na hili watu wengi hawalifikirii. Nilibandika ukanda wa taa za LED kwenye chuma cha juu ya dawati, na nina taa ya kuchaji kwa siku stima inapopotea. Bila mwanga, mtoto hataketi pale, atarudi sebuleni, na utakuwa umenunua stoo. Mbele ametundika leso yangu ya zamani kwa waya. Akiivuta, sote tunajua anasoma au anataka kuwa peke yake, na mdogo wangu anayeishi nasi huwa anabisha kwenye chuma kabla ya kusema naye.

Kasoro zipo, na sitazificha. Kutandika ni kazi. Siwezi kuzunguka kitanda, kwa hivyo shuka linabadilishwa na binti yangu akiwa amepiga magoti juu yake, mimi nikivuta pembe nikiwa kwenye ngazi. Februari juu kule joto lilikuwa kali, maana hewa ya moto hupanda, na ililazimu dirisha likae wazi na neti ishuke vizuri. Julai hii baridi imekuja, na hapo ndipo anafurahia. Alipougua homa, nilijaribu usiku mmoja kupanda na kushuka nikimpima joto na kumnywesha maji. Usiku wa pili nilimhamishia kitandani kwangu. Mtoto anayeugua mara kwa mara, au anayetembea usingizini, simshauri mzazi wake achukue kitanda hiki hata chumba kiwe kidogo vipi.

Desemba alikuja binamu yake wa miaka minne. Hapo nilimshukuru fundi kwa jambo ambalo sikuliomba: ngazi ameifanya ya kuning'iniza kwa kulabu mbili, inaondoka. Mchana tuliiweka nyuma ya kochi, na mgeni wetu mdogo akabaki na chini, akajenga nyumba yake ndani ya leso.

Bolti hulegea kidogo kidogo kwa kupanda na kushuka, hata zikiwa na washa za springi (pete za chuma za kuzizuia zisilegee). Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunazipitia zote nane. Spana namba 13 imetundikwa kwenye msumari karibu na dirisha, na binti yangu ndiye mwenye kazi hiyo sasa: anakaza, mimi nashika tochi, kisha anatikisa mguu wa kitanda kwa mikono miwili na kusikiliza kama kuna kinacholia.