Banjo Imerudi kwa Wenyewe: Tuisikilize Songs of Our Native Daughters

Haya, habari zenu, karibuni tena. Kama una vipokea sauti, vivae sasa hivi, maana leo nina albamu ambayo spika ya simu itaidhulumu. Inaitwa Songs of Our Native Daughters. Ilitoka Februari 2019 chini ya kampuni ya santuri ya Smithsonian Folkways, ina nyimbo 13, na waimbaji ni wanawake wanne weusi: Rhiannon Giddens, Amythyst Kiah, Leyla McCalla na Allison Russell. Wote wanne wanapiga banjo.

Hilo la banjo lishike, kwa sababu bila hilo utaisikia albamu hii nusu tu. Mtajie mtu banjo leo, picha inayomjia ni mzungu wa milimani huko Marekani, kakaa kibarazani na kofia yake. Lakini chombo kile asili yake ni Afrika. Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa walikiunda upya kwa kibuyu, ngozi na mti wa kushikia, na jamaa zake mpaka leo wapo Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia. Karne ya 19 wazungu wakajipaka weusi usoni, wakapanda nacho jukwaani kuwadhihaki watu walewale waliowafundisha kukipiga. Halafu miaka ya 1920 kampuni za santuri zikaugawa muziki wa Kusini mwa Marekani: fungu la weusi huku, fungu la wazungu wa mashambani kule. Banjo ikahesabiwa ya kule. Kwa hiyo hawa dada, kabla hata hawajafungua midomo, kule kuishika tu wameshadai chao.

Isikilize banjo ya Giddens. Imetengenezwa kwa kuiga banjo ya mwaka 1858, shingo yake tupu, haina vile vyuma vya kugawa sauti. Haikwaruzi, haina ule mlio mkali uliouzoea. Inanguruma chini kwa chini, kama mzee anayeongea bila haraka.

Sasa nyimbo. Inafungua Black Myself, kazi ya Kiah, yenye ngoma nzito. Ujanja wake ni mdogo na unauma: mwanzoni "mimi mweusi" ndiyo sababu ya kunyimwa hiki na kile, ila ukifika ubeti wa mwisho maneno yaleyale yamegeuka kifua mbele. Hakuna neno lililobadilishwa! Uliteuliwa kuwania Grammy za 2020, na haukupendelewa.

Ukija wimbo wa tatu, Barbados, utasikia shairi linasomwa. Ni la Mwingereza William Cowper, la mwaka 1788, na msemaji wake anasema biashara ya watumwa inamsikitisha sana, inamuumiza moyo, lakini anyamaze tu, kwani sukari na ramu atazipata wapi? Nilicheka. Kisha mwishoni wanasoma jibu lililoandikwa leo, kwa mtindo uleule, na sasa kinachotajwa ni migodi, nguo tunazovaa na simu zetu. Kicheko kikanikauka. Nilikuwa naisikiliza kwenye simu. Na wewe hapo unanitazama kwa nini?

Wa saba ni Mama's Cryin' Long. Huu hauna banjo kabisa. Ni makofi, mdundo na sauti: Giddens anatoa, wenzake wanaitikia. Anayesimulia ni mtoto. Nyapara amekuwa akimwendea mama yake, mama akashika kisu, nguo ikawa nyekundu, na mwisho mama yuko juu mtini. Mtoto haelezi maana ya hayo, anataja tu anachokiona, kitu kimoja kimoja, na wale waitikiaji wanakurudishia kila neno mpaka ukose pa kukimbilia. Nimeusikiliza mara mbili tu tangu niipate albamu, na sina haraka ya mara ya tatu.

Hapa sasa nina ugomvi na aliyepanga nyimbo. Baada ya huo mnatuwekea Slave Driver, ule wa Bob Marley wa mwaka 1973. Wimbo mzuri, wameuimba vizuri, lakini jamani, tupeni pumzi! Mada inaungana, hilo naliona, ila sikio bado limebaki chini ya ule mti. Na kuna mahali kuelekea mwisho, Music and Joy kwa mfano, ambapo maneno yanakuwa ya jumla mno: furaha, muziki, tushikane. Sikatai. Ila albamu hii inang'ata pale inapomtaja mtu.

Kama Quasheba, Quasheba. Russell anamwita kwa jina bibi wa mababu zake, aliyetekwa Ghana akauzwa Grenada. Anamwita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Au I Knew I Could Fly, unaomhusu Etta Baker, yule mpiga gitaa wa North Carolina aliyerekodiwa mwaka 1956 halafu akakaa miaka mingi kabla dunia haijamwona jukwaani. Huo ni mpole, hauna hasira hata chembe, na ndio nilioukariri. McCalla naye anaingiza Kikreoli cha Haiti kwenye Lavi Difisil. Mfupi, mtamu, umepita.

Nunua au usinunue? Ukiweza, chukua CD, kwa sababu ya kijitabu chake: kila wimbo una maelezo umetoka wapi. Kwenye simu unapata nyimbo bila hayo, na Polly Ann's Hammer, mathalani, utapita kama wimbo wa kazi tu usipojua kwamba huyo Polly Ann ni mke wa John Henry, yule mpiga nyundo wa reli wa hadithi za Marekani, aliyeshika nyundo mumewe alipougua. Ukitaka kuonja kwanza, anza na wa tano, I Knew I Could Fly, uje wa nne, Quasheba, Quasheba. Wa saba usiuweke watoto wakiwa sebuleni.