Mwanasesere Anayelia Usiku: Tathmini ya Kifaa cha Kufundishia Malezi Shuleni

Kwa mihula mitatu nimefundisha stadi za malezi kwa kutumia kifaa hiki, darasani mwangu mkiwa na wavulana na wasichana wa miaka 13 hadi 15, na sasa naweza kueleza kinachofanya vizuri na kile ambacho shule isikitarajie kutoka kwake. Ni mwanasesere mwenye ukubwa na uzito wa mtoto mchanga, ambaye ndani yake mna kompyuta ndogo, spika na vihisi. Hulia mchana na usiku kwa nyakati zisizotabirika, na ni mwanafunzi aliyevaa bangili maalumu pekee anayeweza kumtuliza, baada ya kubaini kama anataka chupa, nepi kavu, kubeulishwa au kubembelezwa tu. Shingo yake ikiachwa bila kuegemezwa, au akitikiswa kwa nguvu, kosa hilo hurekodiwa, na siku ya kurudishwa mwalimu husoma ripoti nzima.

Katika kufundisha mikono, sijaona kifaa kinachokipita. Kijana mmoja alianza kwa kumbeba mwanasesere kwa mguu mmoja, kichwa chini, huku akizungumza na wenzake. Baada ya siku mbili nyumbani alinirudishia kifaa kikiwa kimeshazimwa, na hata hivyo kiganja chake kilikuwa bado kimekishika kisogo, kidole gumba nyuma ya sikio moja na vidole vingine nyuma ya jingine. Sikumkumbusha, wala sidhani kwamba mwenyewe alijua anafanya hivyo. Hotuba yangu ya saa nzima kuhusu shingo ya mtoto mchanga haikuwahi kuleta matokeo ya namna hiyo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na vijana hawa huirudia methali hiyo kwa sauti tofauti wanapokuwa wameamshwa mara nne katika usiku mmoja.

Kasoro kubwa ya kwanza imo katika ripoti yenyewe. Mtoto wa kweli hulia zaidi na zaidi katika wiki zake za mwanzo, kilio hicho hufikia kilele anapokaribia miezi miwili, kisha hupungua, na mara nyingine mzazi hujaribu kila njia asipate sababu yoyote. Hapo ndipo watu wazima waliochoka huwatikisa watoto na kuwajeruhi ubongo, na kwa hiyo jambo ambalo nataka kila mwanafunzi wangu aondoke nalo ni kwamba anapohisi hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama pasipo mito wala nguo za kumziba pumzi, atoke nje ya chumba kwa dakika chache, kisha arudi. Kifaa tulichonunua humwandikia mwanafunzi anayefanya hivyo kwamba amemtelekeza mtoto. Nimelazimika kuwaambia darasani, tena na tena, kwamba katika jambo hili mashine imekosea na wao wamefanya sawa. Vilevile bangili mbili kati ya zile tulizopewa zilikuwa hazitambuliwi, na msichana mmoja, aliyekesha na mama yake akishuhudia, alirudi na ripoti iliyosema hakuitika hata mara moja. Alilia mbele yangu. Tangu siku hiyo siitumii ripoti kutoa alama, bali huisoma pamoja na mwanafunzi na kumwomba anisimulie usiku wake.

Wauzaji hupenda kukinadi kifaa cha aina hii kama njia ya kuwatisha wasichana wasipate mimba, na shule inayokinunua kwa nia hiyo ijue kilichotokea Perth, Australia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet ulihusisha shule 57 na wasichana zaidi ya 2,800 wa miaka 13 hadi 15, ukawafuatilia hadi umri wa miaka 20. Katika kundi lililopewa wanasesere, asilimia 8 walijifungua angalau mara moja, ilhali katika kundi ambalo halikupewa ni asilimia 4. Sishangai. Kijana aliyekabidhiwa mtoto, hata wa bandia, hupata watu wa kumzunguka na kumpongeza, na kutishwa hakujawa somo la malezi. Zaidi ya hayo, kuwapa wasichana peke yao ni kuwaambia wavulana kwamba kilio cha usiku hakiwahusu.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna toleo jipya litakalolirekebisha: mwanasesere hakutazami. Haya nimeyaelewa vizuri zaidi kupitia mpango wa Roots of Empathy, ulioanzishwa na Mary Gordon mjini Toronto mwaka 1996, ambamo mzazi na mtoto wake mchanga hutembelea darasa lilelile mara kwa mara kwa mwaka wa shule, na wanafunzi humwona akikua na kujadili anachohisi. Kwa kuiga wazo hilo tulimwalika mama mmoja na mwanawe wa miezi minne. Darasa zima lilimwinamia likichezesha vidole, naye akageuza uso na kutazama ukutani. Wengi walidhani hawapendi, lakini msichana mmoja mkimya alisema, "Amechoka kutazamwa, tumwachie nafasi." Wakarudi nyuma hatua mbili, na baada ya muda mfupi mtoto akawageukia mwenyewe.

Nakipendekeza kifaa hiki, basi, kwa shule ambayo tayari ina mwalimu wa somo na vipindi vya kutosha kabla na baada ya siku za kukichukua nyumbani, na ambayo itafundisha pia jinsi ya kumwekea mipaka mtoto wa miaka mitatu bila kumpiga, maana malezi hayaishii kwenye nepi. Wanasesere wanne wanatosha kwa zamu. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji awaruhusu kujaribu kila bangili usiku kucha, na muulizeni kama mwalimu anaweza kusahihisha ripoti. Kwetu hilo halikuwezekana, na ndiyo sababu siwezi kukipa zaidi ya nyota tatu kati ya tano.